Tusi Kutoka Itimbo

Maji yaliyovuja chini ya ukuta wa Bwawa la Itimbo yalikuwa yamegeuka tope, na mhandisi Eufrasia Mgongolwa, aliyechuchumaa kwenye nyasi zenye umande na chupa ya glasi mkononi, aliyatukana kwa Kihehe, kisha kwa Kiswahili.

Hakuna bwawa la udongo lisilovuja. Maji yakitoka meupe, bwawa linatoa jasho tu kama mtu yeyote aliye kazini. Yakitoka na tope, basi yamekwisha kujipatia njia ndani ya ukuta, na yanaubeba udongo wake kidogo kidogo hadi ukuta ubaki ganda. Malango ya kutolea maji yalikuwa wazi yote tangu mvua zilipochachamaa, na ziwa bado lilikuwa linapanda. Huko chini bondeni, mbali kiasi cha kutoonekana, ulikuwepo mji wa Mng'aro na watu wake, mizabibu yao na ng'ombe wao.

Eufrasia alitoa simu akapiga makao makuu.

"Ukuta unaliwa kwa ndani! Toeni watu Mng'aro leo hii, msingoje kesho, mnanisikia? Watakufa!"

Kwenye kioo cha simu, kama sheria ilivyotaka, yalijitokeza maneno yaliyomfikia mkurugenzi, ili msemaji asije akalalamika kwamba kafichwa: *Habari za kazi. Ukuta wa bwawa unaendelea na mabadiliko ya msimu. Wakazi wa Mng'aro wanakaribishwa kutembelea maeneo ya juu wapatapo nafasi.*

Yalisemwa kwa sauti ya Eufrasia mwenyewe, tena nzuri, ya mwanamke aliyelala akashiba usingizi.

"Ahsante sana, mhandisi," mkurugenzi alijibu kwa upole. "Taarifa nzuri. Endelea na moyo huohuo."

Huenda mkurugenzi alikuwa amepiga kelele. Huenda aliruka kitini akapasua kikombe. Nani angejua? Serikali iliuita mtambo ule Mtulizaji, watu wakaubatiza Bi Mpole, na Bi Mpole alikaa katika kila simu, kila redio na kila kipaza sauti, mlangoni kabisa pa msemaji, akipokea neno likiwa moto na kulitoa likiwa vuguvugu. Ugomvi wa mbali ulikuwa umekwisha nchini. Hata wadeni waliongea na wadai wao kama maharusi.

Eufrasia aliandika ujumbe. Ulifika umelainishwa. Alipiga picha ya chupa. Ilifika ina maji safi, na nyuma yake kipepeo ambaye hakuwepo. Neno la hofu liliruhusiwa kupita likiidhinishwa na Kamati ya Utulivu, nayo Kamati ilikaa kila Jumatano. Leo ilikuwa Ijumaa, na barabara ya kushukia bondeni ilikuwa imesombwa na mvua hizohizo.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Eufrasia aliiambia simu. Kioo kikaonyesha: *Afya njema ni jambo la kushukuru.* Akaitupa kwenye majani, akapanda mlima kuelekea nyumbani, mbio.

*

Shangazi yake, Sekinyaga, alikuwa amekaa sebuleni anasuka kikapu cha majani ya milulu, miguu ameinyoosha, na hakuinua macho.

"Unahema kama ng'ombe wa kukodi. Nisalimie kwanza: kamwene."

"Kamwene, shangazi. Ukuta unatapika tope."

Vidole vya Sekinyaga vilisimama. Alikuwa ameishi juu ya bwawa lile muda wa kutosha kujua tope maana yake nini.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wamenipongeza."

Eufrasia aliivuta redio kutoka kabatini akaiweka mezani. Ilikuwa redio ya kujiundia, iliyouzwa vipande vipande ndani ya sanduku, na mumewe Bonasius ndiye aliyeinunua na kuianza. Hakuwahi kuimaliza. Masika haya shangazi na mpwa walikuwa wameikamilisha wao, mmoja akichomelea kwa lehemu, mwingine akizungusha nyaya nyembamba kwa vidole vilivyozoea ukindu, ili mradi nyumba iwe na kitu cha kuongea mvua ikinyesha. Sheria haikumkataza mtu kusikiliza. Kusema ndiko kulikokuwa na Bi Mpole wake, chipu nyeusi iliyochomelewa kati ya kinasa sauti na sehemu nyingine zote.

"Nipe kile kisu chako cha milulu," Eufrasia alisema.

"Cha kufanyia nini?"

"Cha kumtoa bibi mmoja nyumbani kwangu."

Alipasha moto chuma cha lehemu, akayeyusha mguu mmoja wa chipu baada ya mwingine, akaichokonoa kwa ncha ya kisu mpaka ikang'oka na kudondoka mezani. Akaunganisha waya wa kinasa sauti moja kwa moja na sehemu nyingine za redio. Akawasha. Redio ikavuma vizuri, mikwaruzo na miluzi ya mbali ikajaa sebule. Akabonyeza kitufe cha kusemea.

Hakikubadilika kitu. Redio iliendelea kusikiliza kama mtoto mtiifu.

"Umeiua," alisema Sekinyaga.

"Subiri kidogo."

Redio ya namna hii haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Kuna swichi ndogo ya sumaku ndani yake inayogeuza antena kutoka sikioni kwenda mdomoni, na ikigeuka hulia tak. Haikulia. Eufrasia alishika ncha za mita ya kupimia umeme akaanza kuifuata njia ya umeme kutoka betri, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta mahali bomba lilipokatika. Betri ilikuwa hai. Kitufe kilikuwa hai. Kwenye waya unaokwenda kwenye swichi mita ilisoma sifuri.

Alirudi kuitazama chipu pale mezani, na hasira ikampanda upya. Bi Mpole hakuwa anafagia maneno tu. Alikuwa pia ameshika ufunguo. Mguu wake mmoja ulitoa umeme kidogo wa ruhusa, na bila ruhusa hiyo swichi haikugeuka. Ukimfukuza, unabaki bubu. Aliyebuni jambo hilo alikuwa na akili nyingi na roho ya kunguni.

"Anataka ruhusa," Eufrasia alisema kwa sauti. "Haya, nitampa ruhusa."

Alichomoa rezista, kile kidude cha kupunguza umeme, kutoka taa mbovu ya mezani, akaichomelea upande mmoja kwenye njia ya betri na upande wa pili kwenye tundu ulipokuwa mguu wa chipu. Akabonyeza. *Tak!* Sekinyaga akapiga kigelegele kifupi, akakikatiza katikati, kwa maana mambo hayakuwa ya kushangilia.

Mahali pa antena Eufrasia alifunga balbu ndogo ya tochi ili kupima. Redio ikisema vizuri, balbu huwaka na kufifia kwa kufuata sauti. "Haloo, haloo, Itimbo," alisema. Balbu ilionyesha uzi mwekundu tu, kama kaa la mtu bahili. Akagusa transista kubwa ya nyuma, ile inayokuza nguvu ya sauti, akaondoa kidole haraka na kukitia mdomoni.

"Nguvu inatengenezwa," alisema huku ananyonya kidole, "lakini haitoki nje. Inarudi inamchoma mwenyewe."

Kati ya transista na antena kulikuwa na kitu kimoja tu, chujio la mawimbi: pete tatu za chuma cheusi zilizozungushiwa waya mwekundu. Zilikuwa nzuri kutazama, waya umelala mstari kwa mstari pasipo hata mmoja kuupanda mwenzake. Hazikuwa kazi ya Eufrasia.

"Shangazi, pete hizi ulizungusha mara ngapi?"

"Kama karatasi ilivyosema. Kumi na sita."

"Ulihesabia wapi?"

Sekinyaga alimtazama kama anayeulizwa jua huchomoza upande gani. "Nje. Kikapu kinahesabiwa nje, raundi inayoonekana ndiyo raundi. Huko ndani nani anachungulia?"

Licha ya yote, Eufrasia alicheka. Akaiinua pete moja kwenye mwanga wa dirisha. "Redio inahesabu ndani, shangazi. Kila waya ukipita tunduni ni moja, hata ule wa kwanza uliopita moja kwa moja bila kuzunguka. Kumi na sita zako za nje ni kumi na saba za ndani. Pete zote tatu umezizidishia, ndiyo maana sauti inasongwa."

"Na karatasi haikusema?"

"Haikusema. Aliyeiandika hajawahi kusuka kikapu."

"Basi kosa ni lake," alisema Sekinyaga, akamnyang'anya pete. "Hamna adabu. Redio yenu hiyo haijawahi kusuka hata ungo, leo inanifundisha mimi kuhesabu." Hata hivyo alikuwa ameshaanza kufumua, kwa ukucha, upesi na bila kuukunja waya, raundi moja kila pete, akamrudishia zikiwa zimekazwa upya.

Eufrasia alizichomelea. Akabonyeza kitufe, akasema jina la mahali pake. Balbu ikalipuka mwanga mweupe, ikafifia, ikalipuka tena, silabi kwa silabi.

"I-tim-bo," mwanamume mmoja alirudia taratibu mlangoni. "Naona hata taa inaongea."

*

Alikuwa Gaudensi Nyenza, Afisa Utulivu wa kituo cha bwawa, amevaa koti la mvua, kofia mkononi. Bi Mpole alikuwa amemtumia taarifa: mhandisi ana hasira nyingi mfululizo, apelekewe faraja. Nyenza alitazama meza, kisu, chipu iliyolala chali miguu juu, akaelewa.

"Dada Eufrasia. Usifanye hivyo."

"Umeshuka ukutani leo?"

"Sijashuka."

"Shuka ukaone, halafu uje unifariji."

Nyenza hakuondoka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu. Siku ile ya daraja la Mng'aro, kabla ya Bi Mpole, sauti ya Eufrasia mwenyewe ilipotangaza katika simu zote kwamba Itimbo limepasuka, na mji mzima ukakimbilia daraja moja jembamba, Nyenza ndiye aliyeingia chini ya miguu ya watu akawa anawavuta nje mmoja mmoja. Mmoja wao, aliyetolewa akiwa amekwisha kufa, alikuwa Bonasius, aliyekwenda huko kununua mbuzi. Bwawa halikuwa limepasuka. Sauti ile ilikuwa imeghushiwa na mashine ya mtu fulani ambaye hakupatikana hadi leo.

"Ni sentensi ileile," Nyenza alisema. "Unajua unachotaka kuwaambia? Ni ileile, neno kwa neno. Nami nilikuona kwa macho yangu umesimama mkutanoni na nguo nyeusi, unadai serikali ifanye kitu. Hiki hapa ndicho walichofanya."

"Niliomba dawa ya uongo," Eufrasia alijibu. "Wakaleta dawa ya hofu. Uongo wenyewe upo palepale, Gaudensi, sema siku hizi unakuja umepakwa mafuta."

"Na wakikimbilia daraja tena?"

Eufrasia aliinamia redio.

"Nijibu. Una hakika ukuta utapasuka leo?"

"Sina."

"Kesho?"

"Sina hakika. Huenda ukashika mpaka kiangazi, nimeshasoma habari za kuta za namna hiyo. Huenda nikawaua watu kwa ajili ya bwawa lililosimama. Unadhani sijawaza hilo? Tangu nishike kile chuma cha lehemu siwazi kingine. Namwona Bonasius."

Sekinyaga alikuwa ameacha kusuka. Mvua ilianza tena kugonga mabati. Eufrasia alijua kwamba angeweza kuzima redio sasa hivi na asilaumiwe na mtu yeyote duniani. Kama ukuta ungeshika, angekuwa mwenye busara. Kama ungepasuka, kungekuwa na taarifa kwenye kumbukumbu, kwa sauti yake tamu, kwamba wakazi walikaribishwa kutembelea maeneo ya juu.

Wazo hilo la mwisho ndilo lililomwasha.

"Kukimbia au kutokukimbia si uamuzi wangu," alisema, "na wako haumo kabisa. Ni uamuzi wao. Maji ni yao, shingo ni zao. Kazi yangu ni kuwaambia, na nitawaambia kwa namna ambayo haitawapeleka darajani. Ukitaka kunizuia, nishike mikono. Mimi nina shangazi."

"Nina kisu pia," alikumbusha Sekinyaga.

Nyenza alivuta pumzi. "Hawatakuamini. Baada ya yale? Sauti yoyote huigizwa, na yako walishaisikia ikidanganya."

"Sauti huigizwa, ndiyo." Eufrasia alifungua balbu, akafunga antena. "Lakini niambie wewe, afisa. Tangu sheria ile, kuna mashine yoyote inayoweza kumtukana mtu?"

*

Kila adhuhuri mzee Ndahani Masinga alikaa kwenye redio ya ushirika wa wafugaji wa Mng'aro akasoma bei za mnadani. Masika yote Eufrasia na shangazi walikuwa wamemsikiliza, na masika yote Bi Mpole alikuwa amewapa ugali wa jana: *Bei ni nzuri, mifugo ni mizuri, tunawapenda.* Huyu hakuwa Masinga wanayemjua. Masinga wanayemjua alikuwa Mgogo, mtani wa Wahehe mwenye haki ya kuwatukana bila kuudhi, aliyepanda mlima kwa miguu kuja kumzika Bonasius, na jeneza lilipoletwa alirukia kaburini akalala chali, akasema hapa pamekwisha kukaliwa, tafuteni pengine. Hakutoka mpaka alipopewa pombe ya ulanzi. Mjane, ambaye alikuwa hajala wala kulia, alicheka mpaka akalia, na kile kilio ndicho kilichomponya. Mtani hutania kila kitu, lakini penye kifo huja kweli.

Tangu Bi Mpole aingie, utani wa mbali ulikuwa umekufa. Mtu alimtukana mtani wake simuni, zikafika pongezi.

Masinga alimaliza bei ya mbuzi. Eufrasia alibonyeza kitufe. *Tak.*

"Masinga! Ndahani Masinga, mnywa mlenda, unayeoga mvua ikipenda! Mimi ni Eufrasia Mgongolwa wa Itimbo, nasema kwa sauti yangu, na anayetaka kunishtaki aliandike jina vizuri. Wewe mzee mchafu, ulilala kaburini mwa mume wangu ukatuchelewesha kuzika, na ulipotolewa uliacha kiatu humo, maana vilikuwa vya kuazima na havikukutosha. Mpaka leo Bonasius anauliza ni cha nani."

Nyenza alifunga macho. Sekinyaga alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa acha kujikuna unisikilize. Safari hii kaburi lako limejaa maji na liko njiani linakufuata. Ukuta wa Itimbo unatoka tope chini. Nimeliona kwa macho, nimelishika kwa mkono. Sijui utapasuka saa ngapi, na sikudanganyi kwamba najua. Ningekuwa huko ningekuwa nimeshapanda kilima cha Chikola na watoto wote. Kilima, Masinga, upande wenu huohuo. Darajani asiende mtu. Unalijua daraja, na mimi nalijua. Jibu, mzee kupe wewe."

Akaachia kitufe. Mikwaruzo. Kisha sauti ya Masinga, nyororo, imepigwa pasi.

"*Mchana mwema, Itimbo. Nimezipokea salamu zako za kirafiki kwa furaha. Tunathamini ushirikiano wetu wa muda mrefu.*"

"Huyo ni Masinga au uji?" aliuliza Sekinyaga.

Eufrasia alikuwa amesahau kwamba yeye peke yake ndiye aliyemfukuza Bi Mpole; Masinga bado alikuwa naye. Yeye alisikika mbichi, lakini jibu lingekuja limepikwa. Huenda mzee alikuwa ameamini, anapiga mayowe. Huenda alikuwa anacheka. Huenda alikwisha kuita polisi. Akabonyeza tena.

"Sikusikii, Masinga! Nasikia kitambaa cha meza kinaongea. Redio yenu ni ya zamani, Bi Mpole amening'inia nje, kwenye waya wa kinasa sauti, kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Mkate. Unganisha waya mwekundu na mwekundu, mweusi na mweusi. Au Wagogo siku hizi mnaogopa kupe?"

Walingoja. Mvua iliongezeka. Nyenza aligeuka bila neno, akatoka, wakamsikia akishuka njia ya ukutani. Eufrasia aliukazia macho mshale wa redio kana kwamba ungemwambia kitu. Alipiga hesabu ya watoto wa shule ya Mng'aro, akaiacha. Alirudia maneno yake yote kichwani akitafuta lipi lingeweza kumpeleka mtu darajani.

Redio ikakwaruza. Kukatokea kikohozi cha mzee mvuta tumbaku, kirefu, chenye makohozi, kibaya, kitamu kuliko wimbo.

"Mhehe! We Mhehe mla mbwa! Unanisikia?"

"Nakusikia!" Eufrasia alipiga kelele huku kitufe hakijabonyezwa.

"Miaka yote hii nilidhani Wahehe mmepata adabu, nikahuzunika sana, nikasema jirani zangu wamekufa wote. Na kile kiatu ni changu, nakitaka. Sasa nisikilize wewe. Darajani hatwendi. Nikisema 'kimbieni' watakwenda, nikinyamaza watakufa. Kwa hiyo sitasema kitu. Naondoa ng'ombe. Nawatanguliza wangu, nawaambia majirani wafungulie wao, kengele shingoni, tunaelekea Chikola. Mtu wa hapa akiona ng'ombe wote wanapanda mlima hahitaji kuambiwa. Anabeba mtoto na sufuria, anafuata. Na hakuna aliyewahi kumkimbiza ng'ombe mlimani akafanikiwa. Watatembea. Umeelewa, mlevi wa ulanzi?"

"Nimeelewa, baba," alisema Eufrasia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Usiniite baba. Nitazeeka."

*

Nyenza alirudi alasiri, matope mpaka magotini. Hakuvua koti.

"Kuna shimo," alisema. "Juu kabisa, kwenye njia ya kupitia. Nimesimama pembeni yake likameza mawe."

Eufrasia alikuwa anafungua mdomo kujibu pale sauti ilipokuja. Haikuwa mshindo. Ilikuwa kama pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, kisha nyumba ikatetemeka na vikombe vikagongana kabatini. Kupitia dirishani waliona katikati ya ukuta pakizama, na ziwa zima likigeukia pale.

Mikono ya Eufrasia ilibonyeza kitufe; akili ilikuwa bado dirishani. *Tak.* "Masinga! Limekwenda! Yanakuja!"

"Tuko juu," mzee alijibu, na nyuma yake zilisikika kengele nyingi, ng'ombe wakilia, mwanamke anamwita mtoto. "Redio nimempa punda. Wamo waliokataa, vichwa vigumu, nimewatumia wake zao. Nyamaza sasa, tutazame."

Walikaa hivyo, huku na huko, redio ikiwa wazi. Sekinyaga alishika ukingo wa kikapu kwa mikono miwili. Baadaye zilikuja sauti za watu wengi kwa pamoja, si mayowe, mguno tu, kama wa kanisani.

"Yamefika maji yako," alisema Masinga. Utani ulikuwa umemtoka. "Yameingia bila hodi. Nyumba zinakwenda, Eufrasia. Zangu zimekwenda, ushirika umekwenda. Daraja limekwenda. Lilikuwa tupu. Nimelitazama vizuri kwa niaba yako, halikuwa na mtu hata mmoja."

Eufrasia aliweka kichwa mezani, kando ya chipu na vipande vya lehemu, akalia kwa sauti, na hakujali kitufe kilikuwa kimebonyezwa au la.

Nyenza alikuwa ametoa simu yake. Chini ya Mng'aro mto uliendelea, na kandokando yake vijiji: Lugoda, Ihanzu Ndogo, Kwa Mtwivila. Lugoda ndiko alikozaliwa. "Bwawa limepasuka!" alipaza sauti simuni. "Hameni mtoni! Hameni wote!" Akakitazama kioo. Kilimwonyesha kwa herufi safi: *Bwawa la Itimbo limefungua ukurasa mpya. Wakazi wa mtoni wanatakiwa heri.*

Alisoma mara mbili. Kisha akaizima simu, akaiweka mezani karibu na chipu.

"Lugoda wana redio ya wafugaji," alisema. "Kama ile ya Mng'aro."

"Wanayo."

"Nipe hicho kinasa sauti."

Eufrasia alijifuta uso kwa kiganja. Hakumpa mara moja. "Kazi utaipoteza. Mimi yangu imekwenda tangu mchana, na nitakwenda kujieleza kwa miguu yangu, redio kichwani. Wewe bado unaweza kusema hukuwepo."

"Mama yangu yuko Lugoda, dada."

"Basi anza na jina," alisema, akamsogezea kiti. "Jina lako lote na cheo chako. Halafu watafute watani wako. Tusi, ndipo habari. Hawatasikia habari mpaka wasikie tusi."

"Sijatukana mtu miaka mingi," Nyenza alisema. Eufrasia ndiye aliyembonyezea kitufe.

*Tak.*

"Mimi," alisema, akakohoa, akaanza upya. "Mimi ni Gaudensi Nyenza, Afisa Utulivu wa Itimbo, na nasema kwa sauti yangu." Ilikuwa sauti ya kukwaruza, imejaa woga, na hakuna aliyeilainisha.